Niliingia genge kwa sababu ya swali moja

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia. Mwanawe ana miaka 15, siku hizi anarudi usiku, ana viatu vipya ambavyo nyumbani hakuna aliyevinunua, na akiulizwa anajibu “wanangu wamenipa”. Mama anauliza amemkosea nini, maana mtoto anakula, anavaa, anasoma.

Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Hata mimi nilikuwa nakula, navaa, nasoma.

Nilikuwa na miaka 14. Kila siku nikitoka shule nilipita kijiweni wanapokaa vijana wakubwa. Siku moja sikupita, nilikuwa nimelala na homa. Kesho yake mmoja wao akaniita: “Dogo, jana hatukukuona. Ulikuwa wapi?” Basi, ni hilo tu. Lakini siku ile ya homa baba alirudi, akala, akalala, hakujua kama nimo ndani au simo. Mtu wa kwanza kuona pengo langu alikuwa mwizi.

Watu wanadhani tunafuata pesa. Pesa ipi? Mwaka 2000 mchumi Steven Levitt na mwanasosholojia Sudhir Venkatesh walichapisha uchambuzi wa mahesabu ya genge moja la wauza dawa za kulevya. Vijana wa chini kabisa walikuwa wakipata kiasi kinacholingana na kima cha chini cha mshahara cha Marekani, au pungufu yake. Waliovuna ni wakubwa. Sisi hatukuwa na daftari, ila mgawo ulikuwa uleule: mimi nasimama kona kuangalia nani anakuja, mkubwa anakula. Nilichopata ni jina. Silitaji hapa, lakini nakiri, mpaka leo nikisikia mtu akiitwa jina linalokaribiana na lile, nageuka.

Woga nao upo, tusidanganyane. Mara Salvatrucha, lile genge la kutisha, lilianzia Los Angeles kwa vijana waliokimbia vita vya El Salvador miaka ya 1980 na kukuta magenge mengine yakiwaonea. Wakaungana ili wasipigwe. Ubaya ni kwamba ukishaingia ndipo unapopigwa zaidi, maana maadui wa wenzako wote sasa ni wako. Mimi nina kovu la bega kwa ugomvi ambao chanzo chake sikuwahi kuambiwa.

Miaka miwili iliyofuata naiacha. Haina cha kufundisha, na baadhi yake inaniaibisha.

Aliyenitoa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hakunihubiria hata siku moja. Alinipa kazi ya kushika mabomba, na nikichelewa asubuhi anatuma mtoto aje kugonga dirisha: “Fundi anauliza uko wapi.” Swali lilelile! Padri Gregory Boyle alifanya jambo la aina hiyo Los Angeles mwaka 1992 alipofungua kiwanda cha mikate na kuwaajiri vijana wa magenge yenye uhasama, wakakanda unga pamoja. Kazi inampa kijana ujira, sawa, lakini pia inampa mtu atakayekasirika asipomwona.

Kwa hiyo wazazi, ulizeni. Nasema ulizeni, na sina maana ya “umemaliza kazi ya shule?” wala “umefunga mlango?” Muulize alikuwa wapi, na nani, walicheka nini. Akinuna, kesho muulize tena. Na ninyi akina baba mnaojisifu kwamba mnalipa kila kitu, mnalipa kweli, nani amekataa? Lakini mtoto hajui risiti. Muulizeni!

Mwezi uliopita hatimaye nilimsimulia baba habari ya ile homa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Lakini ada nililipa.” Nikamwambia ndiyo, ulilipa. Tukanyamaza. Nina miaka 36, nina karakana yangu na vijana wanne chini yangu, na bado niliondoka pale koo limenikaba.

Mama, turudi kwa vile viatu. Usivitupe na usivichome; atakuona wewe ndiye adui, na wao watampa vingine. Muulize nani alimpa, na alimwambia maneno gani wakati anampa. Hayo maneno ndiyo ninayotaka kuyajua. Akikuambia, niandikie.