Kabla Hujaitupa Kompyuta ya Zamani, Ijue Inakwama Wapi

Kompyuta ya mezani ikianza kujikongoja, watu husema imezeeka, haifai tena. Nimefungua nyingi za namna hiyo, zangu na za jamaa, na mara nyingi ninachokuta ndani ni prosesa nzima kabisa inayosubiri diski iliyochoka. Kwa hiyo kama pesa zako ni za kuhesabu, usinunue kitu chochote kabla hujajua kinachokukwamisha ni kipi.

Kwenye Windows, subiri mashine ianze kuganda, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Tazama asilimia za CPU (yaani prosesa), kumbukumbu (yaani RAM) na diski. Diski ikiwa imegota 100 huku prosesa iko chini, angalia na kumbukumbu kabla hujaamua. RAM ikijaa, mfumo huhamishia mzigo kwenye diski, na diski huonekana mkosaji ilhali tatizo ni RAM. Kumbukumbu ikiwa na nafasi tele na diski bado iko 100, hapo diski ndiyo yenyewe.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta data juu yake. Kila utafutaji huchukua kama milisekunde 10, na kuwasha kompyuta tu ni maelfu ya utafutaji wa aina hiyo. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka; hufika kwenye data kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Ndiyo maana hata bodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya zamani yenye SATA, yaani kiunganishi cha diski, ya kasi ndogo hufaidika sana. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, kwa sababu bodi nyingi za zamani hazina tundu la M.2 la SSD ndogo bapa, na zenye nalo si zote zinazoweza kuwaka kupitia SSD za NVMe, aina ya kasi zaidi. GB 240 au 256 zinatosha kwa mfumo na programu. Diski ya zamani ibaki ya kuhifadhia mafaili, ila ipime kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu za diski zilizobadilishwa na za akiba) zinaongezeka, usiiamini na picha za familia yako. Na kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako mahali pengine. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, maana SSD hununuliwa upya lakini picha hazirudi.

RAM ndiyo inayofuata. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha toa kipande kimoja usome kibandiko chake. DDR3 na DDR4 ni vizazi tofauti vya RAM, na DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Pengo lililo kwenye ukingo wake limekaa mahali tofauti, kwa hiyo ukiona kinagoma, usilazimishe. Kinachofaa hukaa sawasawa, na ukikibonyeza ncha zote mbili, vishikizo hujifunga vyenyewe kwa mlio mdogo. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja kikubwa, kama bodi yako inaruhusu. RAM iliyotumika sina wasiwasi nayo. Naipima kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Ila jihadhari na RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya kutupa: nyingi ni za aina ambayo bodi za kawaida hazizikubali. Na kama Windows yako ni ya biti 32, kupita GB 4 ni kupoteza pesa.

Kusafisha vumbi hakuna gharama. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Ondoa feni yake, na chini yake, katikati ya mapezi ya kupozea, utakuta vumbi limejishona kama kitambaa. Lipulize au lisugue kwa brashi laini, huku ukiishika feni isizunguke.

Kadi ya michoro na prosesa mpya ningeziacha, isipokuwa kazi yako inazihitaji kweli. Kadi yenye nguvu hudai pawa saplai kubwa zaidi, na kompyuta nyingi zilizounganishwa kiwandani zina plagi za kipekee zisizopokea pawa saplai ya kawaida.

Kuna suala la mfumo pia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kinga ya usalama iliyo ndani ya mashine, pamoja na prosesa za karibuni. Mashine yako ikikataliwa, Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, ni ya bure na hutosheka na GB 4 za RAM. Ijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, uone kama printa na intaneti vinafanya kazi.

Ukishabadilisha diski, ukaongeza RAM, ukasafisha, na prosesa bado inagota 100 kwa kazi zako za kila siku, usiongeze hata senti kwenye bodi hiyo. Weka akiba ya mashine iliyotumika ya kizazi cha karibu zaidi, na SSD yako uihamishie huko.