Swali la lugha: "shingo ngumu" na "kichwa ngumu" ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Juzi kanisani mhubiri alisoma Kutoka 32:9, pale Mungu anapomwambia Musa kwamba Waisraeli ni watu wenye shingo ngumu, akasema maana yake vichwa ngumu, hawaelewi. Mke wangu kabisha njia nzima mpaka nyumbani. Nani yuko sahihi?

Marahaba ndugu yangu. Mkeo yuko sahihi, mpe haki yake.

Sisi tukisema mtoto ana kichwa ngumu (kwenye insha andika kichwa kigumu, ila mtaani hakuna anayesema hivyo) mara nyingi tunamaanisha haingii kitu, unafundisha leo kesho kasahau. Ni kweli tunalitumia pia kwa mbishi, hapo ndipo mhubiri wako alipoteleza nadhani. Lakini shingo ngumu sio msemo wetu wa asili, umeingia kupitia Biblia, kwa hiyo ukitaka maana yake inabidi uwafuate wenye msemo wao, na Wayahudi wameuchambua huu kwa karne nyingi sana.

Kwanza neno lenyewe. Kiebrania kinasema kshe oref, na oref sio shingo yote, ni ile sehemu ya nyuma, ukosi, kule kwenye kisogo. Hapo tu picha inabadilika! Rashi, yule mfafanuzi wa Troyes huko Ufaransa (1040–1105), ambaye mpaka leo Myahudi akianza kusoma Torati anaanza naye, anasema waliwageuzia wanaowaonya ugumu wa visogo vyao wakakataa kusikiliza. Sasa wewe Mswahili hapo unahitaji kuelezwa nini zaidi? Si ndio kupa kisogo kwenyewe, si tunasema akupaye kisogo si mwenzio? Mimi naona wafasiri wetu wangeandika kisogo badala ya shingo wangekuwa karibu zaidi na Rashi, ila shingo ngumu imeshazoeleka na siwezi kugombana na watu wote wa kanisani.

Ibn Ezra wa Hispania, mfafanuzi mwingine wa Kiyahudi wa karne ya 12, yeye alikuwa mtu wa sarufi, hapendi hadithi nyingi, picha yake ni mtu anayekimbia na safari zake, unamwita hageuki nyuma. Sforno wa Italia kaja baadaye sana, karne ya 16, akaunganisha na Isaya 48:4 panaposema shingo yako ni mshipa wa chuma, yaani shingo haipindi hata umletee mwalimu mwema namna gani. Ukiwaangalia wote watatu hakuna aliyesema watu hawa hawakuelewa, walielewa vizuri tu, kugeuka ndio walikataa. Kwetu sisi mtu akikubali kwa kinyongo tunasema kakubali shingo upande, angalau yake imepinda kidogo, hawa hata huko hawajafika.

Halafu kuna kitu watu wengi wanapita bila kukiona. Kutoka hiyohiyo sura ya 34 mstari wa 9 Musa anamwomba Mungu aende pamoja nao, na hapohapo anataja shingo ngumu, na kwa Kiswahili inasomeka kama ndiyo sababu ya kumtaka aende nao. Sababu gani hiyo, unamwomba mtu msamaha huku unamkumbusha ubaya wako? Tatizo ni kaneno kadogo ki, ambako kwenye Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, mwalimu mmoja, Resh Lakish, alisema kana maana nne: kama, huenda, bali na kwa sababu. Rashi pale anachukua ile ya "kama", kwamba hata kama watakuwa wagumu, wewe utasamehe. Neno la herufi mbili tu kwa Kiebrania, lakini ukichagua maana nyingine maombi yote yanageuka.

Na wapo waliougeuza msemo mzima ukawa sifa. Kwenye Shemot Rabba, mkusanyiko wa mafafanuzi ya kale ya kitabu cha Kutoka, yupo rabi anayeuliza, unadhani hili limesemwa kwa kuwadharau? La, ni kuwasifu, maana watu hawa ni ama wabaki Wayahudi ama watundikwe msalabani. Hiyo sio tafsiri ya neno tena, ni mahubiri, na wao wenyewe wanatenganisha maana ya wazi ya andiko (pshat) na ile ya kuhubiria (drash). Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba shingo ngumu maana yake ni uaminifu.

Kwa hiyo mwanao asiyeshika hesabu muite kichwa ngumu ukitaka, japo mimi singemuita. Yule anayekusikia vizuri, anajua unachosema ni kweli na bado anaondoka zake, huyo ndio shingo ngumu. Na wakiwa wengi usiseme "mashingo magumu" kama alivyoniandikia mwingine wiki iliyopita, sema tu watu wenye shingo ngumu, inatosha.