Apu ya Steam kwenye simu, weka tu
Umeuliza kama apu ya simu ya Steam, lile duka la gemu za kompyuta, ina kazi yoyote au inajaza tu nafasi. Weka, hata kama hutaitumia kwa kingine zaidi ya Steam Guard, ule ulinzi wa ziada wa akaunti. Ukishaiunganisha na akaunti, ukiingia kwenye kompyuta mpya unaskani tu ile QR kwenye skrini au unaandika ile kodi ya herufi na namba 5 inayobadilika kila sekunde 30, kwa hiyo hata mtu akiiba paswedi yako anakwama mlangoni. Pia unaweza kuanza kudaunlodi gemu ukiwa mbali, mradi kompyuta imewashwa na Steam iko wazi, unarudi unakuta imeshashuka. Kucheza humo humo hapana, hiyo ni apu nyingine, Steam Link.

Sasa hapa ndo watu wanaumia: kuna namba ya kurejesha akaunti, inaanza na R, iandike kwenye karatasi leo leo. Mimi mjanja niliipiga skrinishoti nikaiacha kwenye simu ileile, simu ikafa, skrinishoti nayo ikaenda zake, nikaanza kuhangaika na sapoti kuthibitisha kwamba mimi ni mimi 😅 Ukinunua simu mpya hamisha Steam Guard kwanza kabla hujafuta ya zamani. Na mtu akikutumia QR kwenye chati eti skani upate zawadi, usiguse kabisa, ukikubali hapo unamfungulia yeye akaunti yako