Zamani chupa ya soda ilikuwa inarudi dukani

SWALI: Habari za kazi kaka, mi nina duka Mbagala, zamani soda ilikuwa inakuja kwenye kreti, mteja akitaka kuondoka na chupa anaacha hela ya chupa, yaani huikuti imetupwa. Sasa hivi naletewa za plastiki tupu, mvua ikinyesha kidogo tu mtaro wa mbele umeziba, na bado mabosi wa vinywaji wanasema wanajali mazingira, eti watakusanya kila chupa wanayouza. Ni kweli au wanatupanga? Mama Duka.

JIBU: Pole na mtaro mama. Hilo la kila chupa halikutoka hewani, mwaka 2018 Coca-Cola walitangazia dunia nzima kwamba kufika 2030, kwa kila chupa au kopo wanalouza watakusanya moja, 2022 wakaongeza kwamba robo ya vinywaji vyao itauzwa kwenye vyombo vya kutumika tena, yaani mambo ya kreti lako lile lile. Desemba 2024 wakageuza, sasa ni asilimia 70 mpaka 75, mwaka umesogea hadi 2035, na lile la robo halimo tena. Siwezi kusema walidanganya, ila ahadi uliyojiwekea mwenyewe unaisogeza mwenyewe, kama wale wateja wako wa daftari na "mwisho wa mwezi" yao.

Mi naona ile ya kioo ilirudi kwa sababu ilikuwa na hela ya mtu, sio kwamba tulipenda mazingira sana (tukiivunja njiani tulikuwa tunachapwa). Ujerumani wameweka senti 25 za yuro kwenye chupa ya plastiki, ukirudisha unapewa hela yako, na hiyo ni sheria sio hisani ya kampuni.

Kwa sasa weka kiroba pembeni, waokota makopo watakufuata wenyewe. Nyeupe zikae peke yake maana ya kijani ikiyeyushwa rangi haitoki, ndo maana 2022 Sprite ya Marekani ilihamia chupa nyeupe. Vizibo navyo ni plastiki nyingine, katakata chupa na kizibo uvitie kwenye ndoo ya maji, kizibo kinaelea chupa inazama, hata viwandani wanatenganisha hivyo hivyo. Ila usitie mchanga ndani ili mzani ushuke, wanunuzi huo mchezo wanaujua siku nyingi.