Re: Kwa nini ndege ndogo zinapinduka zikitua porini?

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege ndogo zikitua porini au kwenye mchanga wa mtoni zinabinuka hata rubani akiwa mzoefu. Mara nyingi shida sio injini, ni ardhi. Ukiwa juu mchanga unaonekana mkavu na umenyooka, kumbe chini ni laini, matairi yanazama, mkia unanyanyuka, pua inachimba, propela inapinda na kama kasi bado ipo ndege inalala chali kabisa. Hizi zenye gurudumu la mkia ndio balaa ukikanyaga breki kwa nguvu. Halafu upepo wa nyuma jamani msiuchukulie poa, unaongeza kasi ya ndege juu ya ardhi, na nishati inapanda kwa mraba wa kasi, yaani kugusa ardhi na kilomita 90 kwa saa badala ya 70 inaongeza zaidi ya nusu. Ndo maana wazoefu wanagusisha matairi kidogo tu bila kuweka uzito wote, wanapaa, wanazunguka kuangalia ile michirizi iliyoachwa na matairi, ikijaa maji hawatui. Na mkanda wa mabega ufunge kila safari, nakuomba sana, ndege ikibinuka kichwa ndo kinaenda kwenye dashibodi.