Kuhusu kaka yako na wosia wangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umezunguka kweli: umeulizia mahindi, umeulizia goti langu, ndipo mwishoni ukauliza kama kaka yako bado anaweza kusimamia wosia wangu, sasa kwa kuwa Mahakama Kuu imemtangaza muflisi. Usione haya. Kufa nitakufa, na wewe ndiye utakayehangaika na karatasi.

Kwa sasa hawezi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Urithi hapa Kenya kinakataza hati ya kusimamia mirathi kupewa mtoto ambaye hajawa mtu mzima, mtu asiye na akili timamu, au muflisi. Kinachotazamwa ni hali yake siku hati inapotolewa, si siku ile nilipomwandika, duka likiwa bado limejaa.

Neno hili muflisi watu wanalitupa ovyo. Jirani yetu anadaiwa na SACCO, anadaiwa na chama, jina lake liko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, na akiona pikipiki ya wadai anaingia jikoni. Huyo ana madeni tu. Angeweza kuwa msimamizi kesho. Muflisi wa kisheria ni mwenye amri ya mahakama. Ya kaka yako nimeiona. Alinionyesha mwenyewe kibarazani, chai ikapoa hatujainywa.

Ila si kifungo cha maisha. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamfungua baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, asipowekewa pingamizi. Akifunguliwa, kizuizi kimeondoka.

Ndiyo maana sikumfuta. Nimeandika upya na kukuongeza wewe; hati inaweza kutolewa kwa watu hadi 4. Nikitangulia kabla yeye hajafunguliwa, nenda ukaombe peke yako, usubiri tangazo kwenye Gazeti la Serikali na siku 30 za pingamizi. Kabla ya hati, mtu asiuze hata mbuzi, ami zako wakisema nini wakisema. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa: faini hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka 1, au vyote. Mashahidi wawili wa wosia nimewapata kanisani. Wewe na mumeo sikuwaita makusudi, maana shahidi akiwa mrithi, au mwenzi wa mrithi, fungu hilo laweza kubatilika.

Kinachoninyima usingizi ni fungu lake, si huo usimamizi. Nikifa ndani ya miaka hii, kipande cha shamba nilichomwachia kitaishia kwa wanaomdai. Nafikiria kukiandika kwa watoto wake moja kwa moja. Yeye bado sijamwambia. Ukija Desemba tutamweleza pamoja, na uanze wewe. Kwako huwa hanuni.

Baba yako