Kabla Hujauza Monita Yako Kama Chuma Chakavu

Juzi msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia. Ana Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya zamani, na monita ya studio, Sony PVM. Picha inakimbia haitulii, na fundi kamwambia tyubu, ile chupa ya kioo inayoonyesha picha, imekufa, akaiuze kwa kilo. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na bado yananiuma.

Amiga yangu ilikuwa ya mjomba, alirudi nayo kutoka Ujerumani. Monita niliipata studio moja ya Dar ilipouza vifaa vyake: ya chogo, inchi 14, nzito ajabu. Kwanza nilijaribu skrini ya kompyuta ya kawaida, ikabaki nyeusi. Amiga huchora mistari 15,625 kwa sekunde, sawa na televisheni zetu za zamani za mfumo wa PAL. Skrini nyingi za kompyuta zinataka 31,000 na zaidi. Nikachomeka waya kwenye tundu la RCA, lile la duara la nyuma ya Amiga, picha ikaja ya kijivu, kwa sababu tundu hilo la Amiga 500 halitoi rangi. Rangi zinatoka kwenye tundu la pini 23.

Kiunganishi cha pini 23 nilikitafuta Kariakoo nzima nikakikosa. Nikanunua cha pini 25, nikakikata kwa msumeno wa chuma, nikachomea lehemu usiku kucha. Nyekundu pini ya 3, kijani ya 4, buluu ya 5, ishara ya sinki (nitaieleza mbele) ya 10, ardhi 16 hadi 20. Ya 22 usiiguse, ina volti 12. Upande wa monita ni plagi nne za BNC, zile za kusukuma na kuzungusha robo.

Nikawasha. Picha ikakimbia. Fundi niliyemwita alitazama nusu dakika, mikono mfukoni, akasema, "Tyubu imekufa, kaka." Nikaamini. Nikaifunika monita kwa kanga, ikakaa chini ya ngazi miaka miwili. Mjomba akafariki katika miaka hiyo, mashine yake hajaiona ikiwaka tena.

Siku niliyoifunua, tyubu ilikuwa nzima. Kulikuwa na kitufe mbele kimeandikwa EXT SYNC ambacho hakuna aliyekibonyeza. Sinki ndiyo inayoiambia monita kila mstari unaanzia wapi, na kwenye waya wangu ilikuwa inapita peke yake, kwenye BNC ya nne. Bila kitufe hicho monita inaitafuta kwingine. Nilibonyeza, picha ikasimama papo hapo: mkono ulioshika disketi, picha ya Amiga inapowaka, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Nilikaa sakafuni nikautazama mkono ule mpaka chai ikapoa.

Rangi zilikuwa bado kali mno, nyeupe inaumiza macho. Hiyo ilitokana na swichi ndogo ya nyuma ya ohmu 75. Studioni monita huungwa kwa mfuatano, na swichi huwashwa kwenye ya mwisho tu. Yangu ilitoka katikati ya mfuatano, hivyo swichi ilikuwa imezimwa. Ukiwa na monita moja, hiyo ndiyo ya mwisho. Iwashe.

Wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya zamani, mambo yenu ni mepesi zaidi: inatoa mwanga na rangi kwenye pini mbili tofauti, mnaingilia tundu la S-Video, linalopokea mwanga na rangi kila kimoja peke yake. Ila waya wa rangi uwekeeni rezista ya ohmu 300 hivi, ishara yake ina nguvu kupita kiasi.

Ndugu zangu, fundi ambaye hakushika mita hajapima chochote. Mwombe akuonyeshe. Soma maandishi ya kila kitufe mwenyewe kabla hujaita mtu. Kifuniko tu usifungue, tyubu inaweza kubaki na maelfu ya volti hata umeme ukiwa umezimwa. Lakini vitufe na swichi ni vyako, vibonyeze vyote.

Na wewe wa Mombasa, mwenye chuma chakavu mwambie asubiri. Bonyeza kitufe cha RGB (nyekundu, kijani, buluu), kisha EXT SYNC. Picha ikikataa kutulia, pima pini ya 10 mpaka BNC ya nne, halafu nitumie picha ya lehemu yako leo usiku. Nitakuwa macho.